Jirani Akaaye Mteremkoni: Mafundisho juu ya Kuutunza Mji



Mnajifunza sala, mnajifunza amri za Mungu, mnajifunza maana ya Sakramenti. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo pengine mtashangaa kulikuta katika kurasa za mafundisho ya dini: namna mji unavyopangwa, yaani maji yake, miti yake, takataka zake na udongo wake. Mmoja wenu atasema: "Hayo ni mambo ya serikali. Nasi twakaa kijijini. Mji watuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Sikilizeni kwanza mfano huu, kisha mtajibu wenyewe.

Palikuwa na mtu mmoja aliyejenga Goma, upande wa juu, kuelekea mlima wa Nyiragongo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ufa mkubwa katika mwamba. Kila jioni alimwaga humo maganda, majivu, maji machafu na uchafu wa watoto. Mkewe alipomwuliza, alijibu: "Mvua itachukua." Na kweli, mvua ilichukua yote. Asubuhi moja mtoto wake alishuka ziwani na bidoni ya manjano, akateka maji, akapanda nayo nyumbani, nao wakanywa. Siku ya pili mtoto alianza kuhara na kutapika; macho yakazama, midomo ikakauka. Wakamkimbiza kwa waganga wa kipindupindu, na kwa neema ya Mungu akapona. Baba yake alimlaumu nani? Alililaumu ziwa.

Mfano huu haumsemi mtu fulani. Unatusema wengi. Basi tuutazame vizuri, tukianza na mahali penyewe.

I. MJI WENYE MTEREMKO

Goma umekaa kando ya Ziwa Kivu, kadiri ya mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake husimama Nyiragongo, mlima wa moto wenye mita 3,470. Kila mtu wa Goma ana mtu mwingine juu yake, na mwingine chini yake, mpaka kufika majini.

Mlima huo umeushukia mji mara nyingi. Tarehe 10 Januari 1977 moto ulitoka ubavuni mwake na kuua watu wengi vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa mawe yaliyoyeyuka ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, uliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu zaidi ya 100,000 wakakosa makao. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukaunguza vijiji vya kaskazini na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Moto ulipopoa uliacha mwamba mweusi, mkali, wenye nyufa na matundu. Juu ya mwamba huo watu walirudi, wakajenga tena.

Sasa angalieni jambo hili, maana ndilo shina la mafundisho yetu. Katika mji wa Goma hamna mito. Mvua ikinyesha, maji mengi huingia katika nyufa za mwamba na kwenda chini kwa chini mpaka ziwani. Mengine hukimbia juu ya barabara, yakisomba yote yaliyo njiani. Penye udongo mwingi, maji hupita polepole, na udongo huyachuja kama kitambaa kinavyochuja pombe au tui. Vijidudu vingi hukwama humo na kufa. Bali penye mwamba wenye nyufa hakuna chujio. Kilichomwagwa juu chafika chini kama kilivyo. Tena choo chenyewe ni vigumu kuchimba katika mwamba. Mashimo mengi ni mafupi, nayo hufunguka katika nyufa. Na watu wengi wa mji hunywa maji ya ziwa lile lile.

Wazee wenu hawajasahau mwezi wa Julai 1994. Wakimbizi wapata milioni moja waliingia Goma na kandokando yake kwa siku chache tu. Hapakuwa na vyoo vya kutosha, wala maji safi, wala udongo wa kuwazika wafu. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Waliokufa hawakuuawa kwa bunduki. Waliuawa kwa maji.

Mnakumbuka mwalimu wa Sheria alipomwuliza Bwana wetu Yezu Kristu jirani yake ni nani. Bwana alimjibu kwa habari ya mtu aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Alikuwa akishuka: njia ile ina mteremko mkali. Kuhani akapita, Mlawi akapita, kila mmoja akifuata njia yake. Hawakumpiga yule mtu, walimwacha tu. Ndivyo ilivyo kwetu. Jirani yangu si yule tu tunayesalimiana mlangoni. Ni yule pia akaaye chini yangu mteremkoni, ambaye sijui jina lake, lakini maji yangu yamfikia.

II. SHERIA TATU ZA ZAMANI

Wengine hudhani ya kuwa kuupanga mji kwa miti na nafasi wazi ni mawazo mapya ya wataalamu. Sivyo. Fungueni vitabu vya Musa, mtakuta sheria tatu.

Sheria ya kwanza yasomwa katika kitabu cha Hesabu, sura ya 35. Waisraeli waliagizwa kuwapa Walawi miji ya kukaa, na kuizunguka kila miji hiyo waache ardhi wazi ya malisho, iliyopimwa pande zote nne. Nyumba zisiimeze nchi yote. Mji unahitaji mahali pa kupumua: mahali ambapo maji ya mvua huingia polepole, upepo hupita, watoto hucheza, na watu hukimbilia wakati wa hatari. Kwa Goma jambo hili ni la uzima na mauti. Yako mabonde madogo, hasa magharibi ya mji karibu na ziwa, ambamo hukusanyika hewa mbaya tuiitayo mazuku. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hukaa chini usiku usio na upepo, nayo huua mbuzi, na mtoto, na mtu mzima ainamaye kumwokoa. Mahali kama hapo pasijengwe nyumba kamwe. Pazungushiwe uzio na kuwekwa alama. Vivyo hivyo njia za kuukimbia moto wa mlima zibaki wazi. Mwenye kuuza kiwanja palipo na mazuku, naye ajua, hauzi kiwanja, auza kaburi.

Sheria ya pili imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Katika kambi ya Waisraeli kila mtu alitakiwa kuwa na kijembe cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, achimbe shimo na kufukia uchafu wake kwa udongo. Kwa sababu Mungu mwenyewe hutembea katika kambi hiyo. Fikirini! Mungu mkuu wa mbingu na nchi alijali uchafu wa kambi. Wala hakusema: mvua itachukua. Alisema ufukiwe katika udongo.

Sheria ya tatu imo katika kitabu hicho hicho, sura ya 20. Jeshi likiuzingira mji siku nyingi, askari wasikate miti izaayo matunda. Hata vita, ambavyo huvunja karibu kila kitu, viliwekewa mpaka na mti. Sisi wa Kivu twajua vita. Mwezi wa Januari 2025 viliingia Goma penyewe, baada ya watu wengi mno kukaa miaka katika kambi za mahema zilizouzunguka mji. Aliyekimbia na watoto, akalala juu ya mwamba kwa baridi, hukata mti ulio karibu naye. Hatumhukumu. Lakini yatupasa kujua: mti uliokatwa kwa siku moja hauoti kwa siku moja, na wale wanaobaki salama wana deni la kuupanda tena.

III. KAZI YA KUFANYA UDONGO

Basi tufanye nini? Neno langu ni moja, lishikeni: weka udongo kati ya uchafu wako na jirani yako, na juu ya udongo huo panda kitu chenye uhai.

Mungu ametangulia kutufundisha kazi hiyo. Nendeni mkautazame mwamba wa mlima wa moto baada ya miaka michache. Kwanza huota juu yake utando wa kijivu unaoshikamana na jiwe. Kisha huja kangaga na majani madogo katika nyufa. Hayo hufa, huoza, yakawa udongo kidogo. Ndipo huota vichaka, na mwishoni miti. Mungu hafanyi haraka, lakini hachoki. Naye alipomwumba mtu, Maandiko yasema alimfanya kwa udongo. Anayefanya udongo juu ya mwamba anafuata mkono wa Muumba wake kwa mbali.

Watu wa Goma wanajua kazi hii. Wamevunja mwamba kwa nyundo, wakapanga mawe kuwa kuta za ua, na katikati wakamwaga udongo ulioletwa kwa chukudu au kichwani. Kazi hiyo yaweza kuzidishwa na kila nyumba.

Tenga takataka. Maganda ya ndizi, ya viazi na ya maharagwe, majani na majivu kidogo, viweke katika shimo au ndani ya ukuta mdogo wa mawe, vifunike kwa udongo, na kuvigeuza mara kwa mara. Baada ya miezi michache utakuwa na mbolea nyeusi isiyonuka. Plastiki, chupa na betri visitiwe humo, maana havigeuki kuwa udongo.

Usiye na nafasi, chukua gunia. Simamisha katikati yake nguzo ya mawe madogo, ujaze pembeni udongo uliochanganywa na mbolea. Maji utakayomwaga juu yatashuka kwa mawe hayo na kufikia mizizi yote. Toboa ubavu wa gunia, upande lengalenga na vitunguu. Gunia moja hukaa mlangoni pa nyumba ndogo.

Kinga maji ya bati. Funga mfereji ukingoni mwa paa, uyapeleke katika pipa lenye kifuniko. Maji hayo hayataisomba barabara, na mtoto wako atapumzika njia ya ziwani. Ya kunywa, yachemshe au yatie dawa kama wauguzi wafundishavyo.

Choo kiwe na chumba kilichojengwa kwa mawe na saruji, sakafu yake isiwe na ufa, kisimame mbali na maji. Na uchafu mbichi wa choo usitiwe kamwe katika bustani ya mboga.

Panda mti. Kando ya ua, mparachichi au mgrevilea. Kando ya barabara, miti ya kivuli iliyopangwa kwa mstari. Mizizi hushika udongo, majani huzuia vumbi na kupunguza joto la mabati na mwamba, na matone ya mvua hupigwa na majani kwanza kabla ya kuipiga nchi. Mikaratusi hunywa maji mengi. Ifae kwa shamba la kuni mbali na nyumba, si kwa ua mdogo.

Hayo ni ya nyumba moja. Lakini mji haupangwi na nyumba moja. Viko viwanja vya watu wote: ukingo wa ziwa, kando za barabara, uwanja wa shule na wa kanisa. Hivyo vyahitaji watu wa kuvitetea. Katika nchi ya Kenya alikuwako Wangari Maathai, aliyesoma utoto wake kwa masista wa Misioni ya Mathari, Nyeri. Mwaka 1977 alianza pamoja na akina mama kupanda miti. Mwaka 1989 wakubwa walipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya watu wote iitwayo Uhuru, katikati ya Nairobi, alipinga. Walimcheka na kumtukana, jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na miche na ulimi wa kweli.

IV. NINYI MKAAO VIJIJINI

Sasa najibu lile swali la kwanza. Ninyi wa Rusayo, wa Kibumba, wa Masisi na Rutshuru, ninyi mko juu ya mteremko. Afya ya mji huanza kwenu.

Goma hupika kwa makala, yaani mkaa wa miti. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika msitu wa Virunga, hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika. Walinzi wake zaidi ya 200 wamekufa wakiilinda. Msitu ukikatwa, mvua huosha udongo wa mlimani, na maji hushuka kwa nguvu juu ya mashamba ya chini. Nanyi mwajua bei ya gunia la makala, na umaskini unaomsukuma mtu kwenda msituni usiku. Njia iliyo bora ipo: kupanda miti ya kuchoma katika mashamba yenu wenyewe. Tangu mwaka 2007 wakulima wengi wa Kivu Kaskazini wamefanya hivyo kwa msaada wa shirika la WWF, katika mpango uitwao EcoMakala. Mti wa shamba lako waweza kuukata mchana, bila hofu, na kuupanda tena.

Tena wengi wenu mtahamia mjini kesho, na vijiji vingine mji umekwisha kuvifikia huko viliko. Beba basi akili ya mkulima. Kijijini wajua udongo ni mali, usiende mjini ukausahau, ukajifunza kusema, "Mvua itachukua."

V. SHAHIDI WA GOMA

Huenda mtasema: kulinda afya ya watu ni jambo jema, lakini je, ni jambo la utakatifu? Mtazameni Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma. Alikuwa kijana mwenye kazi ya kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Walimletea chakula kilichooza, wakampa fedha ili akipitishe kiuzwe kwa watu. Alikataa, kwa sababu kingewaletea wengi madhara, na kwa sababu yeye alikuwa Mkristu. Mwezi wa Julai 2007 walimteka, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Floribert hakuwajua wale ambao wangekula chakula kile. Walikuwa chini yake mteremkoni, watu wasio na jina kwake. Akawafia. Sisi twaombwa kitu kidogo zaidi: shimo la mbolea, mti mmoja, choo kisicho na ufa.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyeaga dunia mwaka 2025, alitoa mwaka 2015 barua kubwa iitwayo Laudato si', akifundisha ya kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Goma twakisikia kilio hicho mahali pamoja, ukingoni mwa ziwa, katika foleni ya bidoni.

Na ninyi, wakatekumeni, mnangoja maji. Siku ya Ubatizo Padri atamwaga maji juu ya vichwa vyenu. Kanisa lataka yawe maji ya kweli na safi. Hayatashuka kutoka mbinguni siku ile. Yatatekwa hapa hapa, katika pipa letu au katika ziwa letu. Je, tutamletea Mungu maji gani?

MASWALI YA KUKARIRI

Mungu alimpa mtu kazi gani juu ya dunia?
Alimpa kazi ya kuilima na kuitunza.

Jirani yangu katika mji ni nani?
Ni kila mtu ambaye maji yangu, moshi wangu na takataka zangu humfikia, hata nisipomjua.

Mtu atupaye uchafu katika maji ya wengine akijua, avunja amri gani?
Avunja amri ya tano, kwa kuwa ahatirisha uzima wa watu.

Kwa nini twaweka udongo na kupanda miti?
Kwa sababu udongo huchuja maji, na miti huushika udongo. Hivyo twamlinda jirani.

Asiye na kiwanja afanyeje?
Atenge takataka zake, apande katika gunia, na kutetea viwanja vya watu wote.

AZIMIO

Kabla ya Jumapili ijayo nitasimama nyuma ya nyumba yangu na kutazama: maji yakitoka hapa, yaenda kwa nani? Kisha nitafanya jambo moja kwa ajili ya mtu huyo, nami nitamwambia mkatekista nililolifanya.

SALA

Ee Mungu Muumba wetu, uliyetufanya kwa udongo na kututia pumzi yako, utusamehe maji tuliyoyachafua na miti tuliyoikata bila kuirudisha. Utupe macho ya kumwona ndugu akaaye chini yetu. Uilinde Goma na moto wa mlima na moto wa vita. Utufikishe siku moja katika mji wako mtakatifu, ambamo mto wa uzima wapita katikati, na miti ya kando yake yaponya mataifa. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.